Kadi Nyekundu ya Tangi la Maji

Wiki yangu ya mwisho kazini, vijana wa maabara ya zege pale Jeddah waliniomba niwaandikie nilichojifunza kuhusu ubora. Walitaka kurasa mbili zenye vichwa vidogo na nukta pembeni, kwa sababu ndivyo walivyozoeshwa. Nukta hawatapata. Watapata habari ya tangi la maji lililoko nyuma ya maabara, ambalo kila mmoja wao hutumbukiza mkono ndani yake kila siku, bila kujua kwamba lilikaribia kumfukuzisha mtu nchini.

Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vitatu, na vyote vilikuwa kazi ile ile. Kilichobadilika ni meza.

Niliingia kiwandani kama karani wa tiketi za malori. Kisomo changu kilikuwa kidato cha nne, nilichokipata Wete, na hati nzuri ya mkono. Msaidizi wa maabara alipokwenda kwao na asirudi, walitafuta mtu anayeandika namba zinazosomeka, nikahamishwa. Mkuu wa maabara alikuwa Idris, Msudani mrefu aliyevaa koti jeupe ambalo weupe wake ulibaki kwenye mikunjo tu. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Alinikabidhi koni ya chuma iliyokatwa kichwa na fimbo, akaniambia nimtazame.

Zege linapofika na lori, unachota kidogo, unajaza koni kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo mara ishirini na tano. Unasawazisha juu, unaivuta koni taratibu bila kuizungusha, kisha unapima zege limeporomoka kiasi gani. Likiporomoka mno, lina maji mengi. Nilichoma tabaka la kwanza, Idris akanisimamisha.

"Umechoma ngapi?"

"Ishirini na nne. Au tano."

"Mwaga. Ishirini na tano. Si ishirini na nne kwa kuwa umechoka, wala si ishirini na sita kwa kuwa umefurahi."

Zege jingine tulilimimina kwenye kalibu ndogo za chuma zilizopakwa mafuta. Kesho yake tuliyatoa mapande hayo ya pembe sawa, ambayo sote tuliyaita kyubu, tukayaandika namba kwa kalamu ya nta na kuyazamisha kwenye tangi. Baada ya siku saba tuliponda baadhi kwa mashine, na baada ya siku ishirini na nane tukaponda mengine, na namba iliyosomwa pale kyubu ilipopasuka ndiyo iliyokuwa nguvu ya zege. Nilimuuliza Idris kwa nini tunayaloweka, ilhali tunataka yakauke.

"Nani kakwambia zege linakauka? Zege lina kiu. Usipolinywesha siku za mwanzo, linabaki nusu mtu."

Naomba msomaji alishike hilo, kwa kuwa mimi nililiachia.

Kisha bei ya mafuta ikapanda, na Jeddah ikaanza kujengwa kana kwamba kuna mgeni amepiga simu kwamba yuko njiani. Kila kiwanja kilikuwa na kreni. Makao makuu yetu yalikuwa Riyadh, na wakubwa wa kule walipata fedha na nafasi kwa pamoja. Mkubwa akipata vitu hivyo viwili hununua nyumba ya pili au mfumo wa ubora. Wetu walinunua mifumo mitatu.

Wa kwanza ulikuwa Cheti. Cheti kilitaka kila kinachofanyika kiandikwe na kila kilichoandikwa kifanyike. Tuliandika utaratibu wa kuosha koni, ukafika kurasa sita, na Idris, ambaye alikuwa akiosha koni kabla mwandishi wake hajaota ndevu, akatia saini kwamba ameusoma na kuuelewa. Mkaguzi wa Cheti alikuja mara moja kwa mwaka. Alikagua saini na kunywa chai. Zege lenyewe hakwenda kuliona, nadhani kwa sababu ya viatu vyake.

Wa pili tuliuita Mikanda. Huu ulikuwa wa hesabu na chati, na waliohitimu walipewa mikanda kama wacheza karate: wa njano, wa kijani, mweusi. Nakiri kwamba niliupenda. Nilikuwa nimenunua kitabu cha takwimu kilichokwishatumika kwa muuza vitabu mmoja pale Balad, nikakisoma kitandani kwa miaka miwili chumbani kwetu Aziziya, huku wenzangu wakidhani nahesabu madeni. Sasa nilipata mahali pa kukitumia. Chati za maabara zikawa kazi yangu.

Wa tatu ulitoka Japani: kila kitu na mahali pake, kila mahali na kibandiko chake, sakafu imechorwa miraba ya njano. Kitu kisicho na kibandiko kilipewa kadi nyekundu na kupelekwa kwenye uwanja wa kusubiri. Mbele ya kadi paliandikwa jina la kitu, kazi yake, na onyo kwamba kitatupwa baada ya siku sitini. Nyuma yake kulikuwa na mistari minne ya saini kwa yeyote aliyetaka kitu kirudishwe mahali pake: aliyeandika kadi, meneja wa kiwanda, ofisa wa usalama, na mkurugenzi wa ubora Riyadh. Mfumo huu nao niliupenda. Mimi ni mtu ninayekunja soksi.

Lazima niseme kwa haki kwamba kila mfumo peke yake ulikuwa na akili. Cheti kilituzuia kusahau, Mikanda ilituzuia kubahatisha, Japani ilituzuia kutafuta nyundo nusu ya siku. Balaa ilianza walipounganishwa.

Aliyeunganisha alikuwa mkurugenzi wa ubora, Daktari Nabil. Alikuwa daktari wa nini, hatukuwahi kuambiwa. Alishuka kutoka Riyadh na picha ya duara tatu zilizopandiana, katikati pameandikwa Ubora. Muungano huo aliuita Mfumo Jumuishi, akatueleza kwamba kampuni inapoteza muda kwa fomu tatu zinazouliza jambo moja.

"Cheti kinataka ushahidi wa kila siku," alisema. "Mikanda inataka namba ya kila siku. Kwa nini tuchote zege mara tano? Chota lori la kwanza la kila siku. Mifumo mitatu, fomu moja."

Kabla ya hapo Idris alichagua malori matano ya kupima kila siku, kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye orodha. Alimweleza Daktari hivyo, kwa adabu.

"Kidole si mfumo, Ustadh Idris."

"Ndiyo maana kinafaa," Idris alijibu.

Fomu mpya haikuwa na safu ya maelezo. Daktari aliifuta kwa sababu maelezo hayaingii kwenye chati.

Idris akaenda likizo kwao Kassala, mwezi na nusu, akaniachia maabara. Wiki hiyo hiyo tulipewa taarifa kwamba Daktari atakuja kukagua utekelezaji. Nilizunguka na rundo la vibandiko. Nyuma ya maabara nikakuta kibandiko cha tangi kimeliwa na kutu, hakisomeki. Nilijua ni tangi gani. Asubuhi ile ile nilikuwa nimezamisha kyubu ndani yake. Lakini utaratibu haukuuliza kama najua. Uliuliza kama lina kibandiko.

Ningeweza kubandika kipya. Badala yake nikapata wazo, na nawasihi vijana mwogope sana mtu makini anapopata wazo. Niliona kwamba nikiliandikia tangi kadi nyekundu, kisha nikazijaza saini za kulirudisha, Daktari ataona mzunguko mzima wa mfumo ukifanya kazi. Nikaandika kwa hati yangu nzuri: jina la kitu, halijulikani, kazi yake, haijulikani. Nikasaini mbele, nikasaini na nyuma.

Alasiri nilipotoka kuswali, tangi halikuwepo. Vijana wa usafi, waliokuwa wamefunzwa vizuri, walikuwa wamemwaga maji yake na kulipeleka uwanja wa kusubiri. Kyubu zilipangwa juani kwenye rafu mpya ya njano, kwa mistari iliyonyooka. Meneja wa kiwanda alisaini siku ile ile, ofisa wa usalama kesho yake. Saini ya nne ilikuwa ya Daktari Nabil. Alikuwa ameahirisha ziara yake na kusafiri, kwenye kongamano la ubora.

Nilifunika kyubu kwa magunia niliyoyaloweka mwenyewe. Siku ya tatu magunia nayo yakapewa kadi nyekundu, kwa uchafu. Kadi hiyo haikuwa yangu. Nilitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika kwamba kyubu hazinyweshwi maji, nikakumbuka kwamba safu ya maelezo ilifutwa. Nikajaza namba tu.

Namba za siku ya saba zilishuka. Namba za siku ya ishirini na nane zilianguka chini ya mstari. Zege hilo lilikuwa limemwagwa kwenye sakafu ya maegesho ya jengo la maduka, na mhandisi wa mwenye jengo akataka kujua kama anatakiwa kuivunja. Riyadh wakapiga simu. Waliniuliza jambo moja: kyubu zilizoanguka zimetoka lori gani?

"Kumi na saba," nilisema. Zote zilitoka kumi na saba. Nilijibu kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Lori kumi na saba liliendeshwa na Mwakio, Mtaita wa Voi. Madereva wa malori ya zege wana dhambi moja inayojulikana: kuongeza maji kwenye pipa njiani ili zege limiminike kwa urahisi. Chati ikamshuku, saini za Cheti zikathibitisha kwamba taratibu zote nyingine zimefuatwa, na Japani ikashuhudia kwamba maabara ni safi. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Watatu wetu walikaa, tena kwa upendo, na waliyemkanyaga ni Mwakio. Uamuzi ulikuwa kumfungia ikama, kibali chake cha kuishi nchini, na kumwandikia hati ya kuondoka moja kwa moja. Kule Voi mkewe alikuwa anasimamia ujenzi wa nyumba yao, kuta zimefika madirishani. Mtu anayerudishwa kwa kosa hapati kafili mwingine wa kumdhamini na kumwajiri, kwa hiyo zingeishia madirishani.

Alikuja maabara akiwa bado na vumbi la saruji kwenye kope.

"Mzee Kombo. Ati mimi natia maji?"

"Ndivyo chati inavyoonyesha."

"Hiyo chati iliniona na macho?"

"Kyubu zote zilizoanguka ni za lori lako, Mwakio."

"Sawa. Na zile zilisimama ni za lori la nani?"

Nilifungua daftari kumjibu. Nilipekua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapakuwa na lori jingine.

"Si ndio hapo," alisema. "Asubuhi wenzangu wako msikitini wanaswali Alfajiri, mimi niko hapa kwa geti na pipa imejaa. Kila siku unachota kwangu. Sasa ukimkimbiza mtu peke yake, atakosaje kuwa wa mwisho?"

Nilikuwa nimesoma kitabu cha takwimu miaka miwili, na ukurasa wenye jambo hilo ulikuwa wa kumi na moja.

Alitazama nje, kwenye rafu ya njano. "Na ile tangi ya maji ilienda wapi?"

"Ilipewa kadi nyekundu."

"Ilicheza vibaya?"

"Haikuwa na kibandiko."

"Hata refa huanza na ya njano," Mwakio alisema, akaondoka.

Ningependa kuandika kwamba nilijua wakati ule. Kwa usahihi, nilijua tangu siku ya tatu, magunia yalipochukuliwa. Nilikuwa nikijiambia kwamba saini ya nne iko njiani, kwamba joto limepungua, kwamba huenda kweli anatia maji, madereva ni madereva. Mtu aliyejifunza mwenyewe anaona haya sana kukosea mbele ya waliofundishwa.

Siku mbili baadaye Idris alirudi, habari za dereva na za sakafu akiwa amekwisha kuzipata getini. Hakuweka hata begi chini. Alichukua kyubu moja kwenye rafu, akaikwangua kwa ukucha, ukatoka unga mweupe.

"Maji yako wapi?"

"Yanasubiri saini."

"Ya nani?"

"Ya Riyadh."

"Nani aliandika kadi?"

"Mimi."

Aliirudisha kyubu kwenye rafu, akajifuta unga kwenye koti. "Dereva anaondoka lini?"

"Alhamisi."

"Wenye jengo wametoboa sakafu yao jana, wamechukua vipande. Nitakwenda tuviponde pamoja. Kama sakafu ni nzima, yalla, panda ndege ukaseme mwenyewe. Simu haina uso."

Sakafu ilikuwa nzima. Ilimwagiliwa maji kila siku na vibarua ambao hakuna aliyewaletea mfumo wowote. Vipande vyake vilivuka kiwango kwa nafasi ya kutosha. Niliomba kimoja kilichobaki, nikakifunga kwenye gazeti, na Jumatano nikapanda nacho ndege.

Chumba cha mkutano Riyadh kilikuwa na baridi ya ghala la samaki. Alikuwepo Daktari Nabil, aliyerudi kongamanoni, na bwana mmoja wa ofisi ya wafanyakazi aliyeshika faili la Mwakio. Ukutani ulichorwa mchoro wa mifupa ya samaki wenye vyanzo vitano vya matatizo: mtu, mashine, malighafi, mbinu, mazingira. Chini ya mtu paliandikwa: dereva, lori 17.

Nilifungua gazeti mezani. "Hiki ni kipande cha sakafu yenyewe. Zege la lori kumi na saba. Kimepita. Kyubu ndizo zilizoanguka, kwa sababu hazikuwekwa majini."

"Kwa nini hazikuwekwa?" Daktari aliuliza.

"Tangi liliondolewa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa utaratibu upi?"

Nikamwekea kadi mbele yake. Aliisoma pande zote mbili, na uso wake ukapata nafuu.

"Basi utaratibu ulifuatwa."

"Ulifuatwa mpaka mwisho, Daktari. Inasubiri saini yako tu."

"Kama utaratibu ulifuatwa, hakuna kosa."

"Kama hakuna kosa, dereva anafukuzwa kwa nini?"

Bwana wa ofisi ya wafanyakazi alitazama faili lake, akamtazama Daktari. Daktari akasema fomu haiwezi kufungwa bila chanzo, ni lazima mfupa mmoja uandikwe. Nikaomba kalamu, nikakata jina la Mwakio, nikaandika langu. Daktari aliliangalia kwa muda. Mtu wa maabara aliyefuata Mfumo Jumuishi akawa ndiye chanzo: hilo lingesomeka vibaya katika taarifa ya mwaka. Akalifuta na jina langu pia, akahamia mfupa wa mazingira, akaandika: joto la Jeddah.

Joto la Jeddah halina ikama. Likabeba lawama yote na halikufukuzwa.

"Halas," alisema bwana wa ofisi ya wafanyakazi, akachomoa hati kwenye faili. "Ulikuwa umebaki muhuri."

Niliporudi, Idris alikuwa amekwisha kulirudisha tangi kwa foklifti, bila karatasi yoyote, na kyubu zilikuwa zinakunywa. Miezi michache baadaye nilipewa mkanda wa kijani kwa mradi uliopunguza kuanguka kwa kyubu. Yaani nilituzwa kwa kurudisha maji mahali nilipoyatoa. Mkanda wenyewe ni karatasi. Niliuweka kwenye droo ya soksi.

Mwakio nilimwambia yote, pamoja na siku ya tatu. Tulikuwa tumesimama kando ya lori lake, injini inanguruma.

"Ulijua siku ya tatu?"

"Ya tatu."

"Na ukasema siku ya ngapi?"

"Ya arobaini."

Alihesabu kichwani, nadhani alikuwa anahesabu mawe ya madirishani. "Hiyo kadi iko wapi?"

Nilikuwa nayo mfukoni. Akaichukua, akaitundika kwenye kioo cha ndani ya lori. Kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipokwenda kuchota zege lake, aliigusa kwa kidole ikayumba, kisha ndipo akashusha. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuwahi kuuliza. Tulirudi kuchagua malori kwa kidole cha Idris, na alipostaafu, kwa kidole changu.

Vijana, nyinyi mna mifumo minne sasa, na wa tano nasikia umeagizwa. Itumieni. Ila mifumo mitatu ikikubaliana, msiseme mmepata mashahidi watatu. Tazameni kwanza kama wote wamesoma fomu moja. Na mkijua jambo siku ya tatu, lisemeni siku ya tatu, hata kama hakuna safu ya kuliandika. Fomu ina pambizo.

Siku ya mwisho mlinifanyia chai, mnakumbuka, na Mwakio akaingia katikati ya hotuba ya meneja. Siku hizi hafundishwi na mtu, yeye ndiye anayewafundisha madereva. Alikuwa na kadi mkononi. Jua la kioo cha lori lilikuwa limeifanya rangi ya waridi, na hati yangu nzuri ilisomeka kwa shida. Aliigeuza nyuma, akaazima kalamu ya nta tunayoandikia kyubu, akaegemea mashine ya kupondea na kuandika jina lake taratibu kwenye mstari wa nne, uliokuwa mtupu tangu siku ile.

Kisha akanitilia kadi kwenye mfuko wa koti.

"Haya, Mzee Kombo. Karatasi yako imekamilika. Rudishwa mahali pako."

Niliitoa nikahesabu saini. Zilikuwa nne.